Kifuniko cha Dohani

Jambo la kwanza Jorid Skarbø aliloliuliza, baada ya kuvuliwa barakoa ya oksijeni, ni kama kaka yake anakijua chumba alicholazwa.

“Hajui,” alijibu Torgunn Haukedal, mpelelezi wa polisi. “Nimewakanya wauguzi mwenyewe.”

“Na akija?”

“Mlangoni yuko askari wangu, Kolbein. Umemwona alivyo. Mlango wenyewe haumtoshi.”

Jorid hakucheka. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa makamo mwenye mabega ya mtu aliyezoea milima, na hakuwa na sura ya mtu wa kuogopa kivuli chake. Lakini alipopewa maji, aliutazama mlango kwanza ndipo akanywa.

Kesi ya ndugu hao ilijulikana katika bonde zima la Valdres. Mzee Skarbø alipofariki aliwaachia watoto wake wawili, Jorid na Eilif, kijumba chake cha mlimani, nusu kwa nusu, eti kiwaunganishe. Wazee nao wana mambo yao. Mwaka wa kwanza ndugu hao waligawana wiki za kukaa huko. Mwaka wa pili wakagawana rafu za kabati. Wa tatu wakagawana hata kuni: rundo la Jorid, la ule mti wa gome jeupe, likawekwa ukuta wa mashariki, na la Eilif, la msonobari, ukuta wa magharibi, na ole wake atakayegusa la mwenzake. Siku Eilif alipobadilisha kitasa bila kumwambia mtu, Jorid akaenda mahakamani. Sheria ya huku haina maneno mengi. Mmiliki mwenza akichoka na ubia, ana haki ya kudai mali iuzwe, kila mtu achukue chake aende zake. Eilif alipinga, akashindwa. Aliamriwa awape wenzake funguo za kitasa kipya, mahakama ikamteua wakili wa kusimamia mauzo, na mthamini akapangiwa kupanda Jumamosi kukikagua kijumba. Jorid alitangulia Ijumaa ili akipashe moto. Jioni hiyo hiyo alishushwa kwa helikopta, hana fahamu.

“Nieleze tena,” alisema Torgunn. “Ulipoingia.”

“Nilifika nimechoka, ukungu umefunga, hata paa sikuliona. Ndani ya jiko kuni zilikuwa zimeshapangwa, zinangoja kiberiti tu. Nikasema, afadhali, ustaarabu haujafa wote.”

“Na uzi?”

“Hapakuwa na uzi. Ndicho kitu cha kwanza tunachoangalia, tangu tukiwa watoto.”

Uzi huo ulikuwa desturi ya nyumba yao. Upepo wa kule juu huijaza dohani theluji, kwa hiyo marehemu alitengeneza kifuniko cha bati kileleni, kinachofungwa kwa waya unaovutwa na mtu aliyesimama nje, pembeni mwa mlango, kisha ukanaswa kwenye kulabu. Anayekifunga lazima aache uzi mwekundu wa sufu kwenye mkono wa mlango wa jiko. Ukiuona uzi, usiwashe mpaka ukafungue juu. Usipouona, washa bila wasiwasi. Familia nzima ilikuwa imeukabidhi uzi huo roho zake, na haukuwahi kuwaangusha.

“Niliwasha,” Jorid aliendelea. “Ulitoka moshi kidogo, lakini jiko la baridi ndivyo lilivyo. Nikajinyoosha kwenye benchi. Sikumbuki zaidi.”

Aliyemwokoa ni jirani aliyekuwa akipita. Aliona mbao za kutelezea kwenye theluji zimesimamishwa mlangoni ilhali dohani haifuki moshi, akashangaa, akausukuma mlango, akamburuta mtu nje kwenye theluji. Kifuniko kilikuwa kimefungwa.

“Ni Eilif,” alisema Jorid. “Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi sina mume wala mtoto. Nikifa, fungu langu linarudi kwake na kwa mama, na mama hatauza maisha yake yote. Kesi imekwisha hapo.”

“Eilif ameapa hajapanda tangu Septemba.”

“Funguo ziko tatu. Wangu, wake na wa mama. Mama hajakanyaga kule msimu wa pili sasa, bega halimruhusu. Piga hesabu mwenyewe.”

Torgunn aliipiga, na jibu lilikuwa moja. Tatizo ni kwamba jibu si ushahidi. Waya ulikuwa umevutwa kwa glovu na theluji ilikuwa imezifuta nyayo zote. Bila kitu cha kumfunga Eilif, mtu huyo angebaki huru, na mpaka siku ya mauzo angebaki mmiliki halali wa nusu ya mlango ule na nusu ya jiko lile.

“Atajaribu tena,” alisema Jorid kwa sauti ya chini. “Na safari hii hatakosea.”

Asubuhi iliyofuata Kolbein, aliyekuwa amepokewa zamu yake hospitalini, alimpandisha Torgunn kwa pikipiki ya theluji mpaka mlangoni, kisha akaendelea upande wa pili wa mlima kuwahoji majirani. Torgunn aliusikiliza muungurumo wake mpaka ukapotea. Jua lilikuwa kali, anga tupu, na hapakuwa na sauti yoyote. Kimya cha aina ile humfanya mtu ageuke nyuma bila sababu, naye aligeuka.

Alianza na waya. Aliuvuta, na juu kabisa bati likalia, kang. Akauachia, likafunguka. Mtoto angeweza. Mgonjwa angeweza.

Ndani alipiga picha zake kwanza, kisha akaanza kuangalia. Kasha la kuni kando ya jiko lilikuwa limejaa pomoni kwa msonobari, kama lilivyokuwa kwenye picha walizopiga waokoaji Ijumaa. Sakafu ilikuwa imepigwa deki. Vikombe vilikuwa vimefudikizwa juu ya kitambaa kilichopigwa pasi. Torgunn alikunja uso. Eilif alikuwa fundi wa kuchimba visima, na watu wote walijua kwamba tangu mkewe amkimbie, pasi alikuwa akiiona dukani tu. Alifungua kabati. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na kopo la bati, na ndani yake mikate ya lefse, miembamba, iliyopakwa siagi na sukari, imekunjwa moja moja na kuviringishwa kwenye taulo safi.

Muuaji hamwokei mtu lefse.

Torgunn aliketi kwenye benchi. Alikuja kutafuta mkono wa Eilif, na kila alipogusa alikuta mkono wa mama yake. Basi mama alipanda, na hakumwambia mtu. Mama alipanga kuni. Mama ndiye aliyefunga kifuniko?

Aliamua kujaribu jiko, ajue linavuta namna gani kifuniko kikiwa wazi. Alichukua magogo machache kutoka kwenye kasha, akawasha, na moto ukashika upesi. Alikuwa amechuchumaa mbele yake, mgongo kwa mlango, aliposikia theluji ikikwaruzwa nje. Kisha ikanyamaza. Kolbein hawezi kuja bila mlio wa pikipiki. Torgunn alishika redio kiunoni.

Juu ya paa bati likalia, kang.

Moshi ulirudi chini, ukatoka jikoni kama maziwa yanayofurika. Torgunn aliruka wima, akajigonga kwenye meza, akaufikia mlango na kuusukuma kwa bega. Mlango ulifunguka bila ubishi, naye akajikuta uso kwa uso na mwanamume mrefu aliyeushika waya mkononi.

“Samahani,” alisema Eilif Skarbø. “Nilikuwa naangalia kama bado unafanya kazi. Sikujua kuna mtu.”

“Moshi hukuuona?”

“Ukungu.”

Hapakuwa na ukungu hata wa dawa. Eilif aliuachia waya taratibu, bati likafunguka, kisha akavua viatu kizingitini kama mtu mwenye adabu zake, akaingia na soksi. Aliketi kwenye kigoda kilichokuwa karibu na mlango. Sasa ili Torgunn atoke, ilimlazimu ampite yeye.

“Unatetemeka, mpelelezi,” alisema.

“Naogopa,” alijibu Torgunn. “Ungekuwa mimi usingeogopa?”

Eilif hakulitegemea jibu hilo. Alicheka kidogo kupitia puani. “Mimi nimezaliwa na hofu ya hapa. Baba alipigilia kila ubao wa nyumba hii. Halafu anakuja wakili na tai yake anasema, iuzwe. Anakuja mthamini na futi yake ya utepe. Dada yangu ndiye aliyewaita.”

“Ulijua Jorid anakuja Ijumaa?”

“Wakili alituandikia wote wawili. Kujua si kosa.”

“Na mama yako alikuja lini?”

“Mama?” Alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Mama hapandi huku siku hizi.”

Torgunn alilifunua kopo mbele yake. Eilif aliziangalia lefse kwa muda, na kitu fulani kikapita usoni mwake, upesi, mithili ya mtu aliyekosea ngazi gizani. Hilo kopo hakuwa amelijua. Alisimama. Torgunn alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa dirisha, redio mkononi, kidole kwenye kitufe.

Lakini Eilif hakumfuata. Alivaa viatu, akatoka, akazunguka ukuta wa magharibi, akarudi amekumbatia msonobari hadi kidevuni. Aliyatia magogo kwenye kasha moja moja, akayasawazisha, akafagia vumbi la magome kwa kiganja. Alifanya yote hayo bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna.

“Umechoma manne,” alisema. “Kasha haliachwi na pengo.”

Na huo, tuseme ukweli, ndio ugonjwa wa watu wa milima hii. Mtu anaweza kumchukia mwenzake mpaka mahakamani, mpaka kaburini, lakini hatatoka kwenye kijumba na kumwachia atakayefuata kasha tupu. Mama zao waliwapiga makofi kwa jambo hilo.

“Siku zote mnalijaza?” aliuliza Torgunn.

“Siku zote. Hata Septemba nililiacha limejaa. Hizo ulizozikuta ni za kwangu.”

“Kwa hiyo msonobari wa Ijumaa ni wa Septemba?”

“Nimeshasema.”

Kwa mbali pikipiki ilianza kuunguruma. Eilif aliisikia pia. Alifunga mbao zake za kutelezea miguuni bila haraka. “Nitapitia kwa mama,” alisema, akateleza kuelekea bondeni.

Kolbein alipofika hakuzima hata injini. “Nimempata jirani aliyempandisha mama yao, Mama Gudveig, kwa pikipiki yake, Jumatano. Bibi alimfanya aape asiseme,” alisema. “Halafu hospitali wamepiga. Jorid amegoma kubaki. Ametoka asubuhi, mama yake amemchukua nyumbani kwake.”

Torgunn alirukia kiti cha nyuma cha pikipiki. “Twende,” alisema. “Kolbein, twende.”

Gari la Eilif lilikuwa limeshaegeshwa uani walipofika, nyayo zake zikielekea moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni. Torgunn aliingia bila kubisha.

Walikuwa wazima wote watatu. Mama Gudveig, mwembamba, nywele nyeupe zimebanwa kisogoni, alikuwa anamimina kahawa kwa mkono wa kushoto. Eilif alikuwa mezani. Jorid alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, koti bado mwilini, funguo za gari zimekamatwa kwenye ngumi, macho yasiyobanduka kwa kaka yake. Kikombe chake kilikuwa kimejaa. Hakuwa amekigusa, na haikuhitaji kuuliza kwa nini.

Taratibu za kazi zinataka watu wahojiwe mmoja mmoja. Torgunn alizijua kuliko walioziandika. Lakini alitaka Eilif asikie kila neno la mama yake, na asipate nafasi ya kulipanga. Alimwacha Kolbein auzibe mlango kwa mwili wake, akavuta kiti.

“Mama Gudveig, Jumatano ulipanda mlimani.”

Bibi huyo aliweka birika chini. “Nilipanda. Sikuwaambia hawa kwa sababu niliapa sitachukua upande wa mtu kwenye kesi yao. Lakini nyumba ya mume wangu isikaguliwe ikiwa chafu. Nikaenda nikapiga deki. Nikawawekea lefse. Nilidhani wakikuta pananukia usafi, labda wangekaa wakaongea.”

“Na kuni?”

“Nilichoma kuni kupasha maji ya deki, na zile chache zilizobaki nikazipanga jikoni. Kasha nililiacha tupu, aibu yangu hiyo. Bega lilikataa.”

“Tupu kabisa?”

“Hata kijiti.”

Kijiko cha Eilif kiliacha kuzunguka kwenye kikombe.

“Ijumaa lilikuwa limejaa,” alisema Torgunn. “Msonobari.”

“Mimi msonobari siugusi,” alisema Jorid, na sauti ikamkatika. “Wa kwake huo. Siugusi.”

“Na Eilif ameniambia leo kwamba ni wa Septemba.”

Mama Gudveig aligeuza kichwa polepole akamtazama mwanawe. Alikuwa ameelewa kabla ya wote waliokuwemo jikoni mle, na Torgunn alimwona akielewa, uso ukimnywea taratibu. Kuwepo kule mlimani kati ya Jumatano na Ijumaa si kosa la kumpeleka mtu jela. Eilif alikuwa na ufunguo na alikuwa na nusu ya nyumba. Kulikuwa na swali moja tu lililobaki, na lilikuwa juu ya bibi huyu.

“Ulifunga kifuniko, mama?”

“Nilikifunga. Redio ilisema kuna dhoruba.”

“Na uzi?”

Jorid alikuwa ameinama mbele, midomo wazi.

“Nilisahau,” alisema Mama Gudveig.

“Mama,” alinong'ona Jorid.

“Nilisahau, nimesema. Mimi ndiye niliyemuumiza mwanangu. Niandikeni mimi.”

Wahenga walisema mtoto akikunyea kiganja hukikati. Torgunn alikuwa amewasikia wazazi wengi wakisema uongo kwa ajili ya watoto wao, na huu alijua hataweza kuuvunja kwa nguvu. Uzi haukuwepo tena, umeshachomwa mahali au umetupwa. Uliobaki ni mdomo wa mama mmoja. Asiposema ukweli, Eilif angetoka kwa mlango ule na kwenda zake, na Jorid angelala na hofu yake mpaka siku itakapomkuta.

“Sawa,” alisema. Alitoa kalamu. “Gudveig Skarbø, kwa maneno yako mwenyewe, ulifunga dohani bila kuacha alama na karibu uue mtu. Ni uzembe, na una adhabu yake. Utakuja nami kituoni, utaandikwa maelezo, utapandishwa mahakamani. Kwa umri wako sijui watasemaje. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

“Eilif, umemsikia mama yako.”

Eilif alikitazama kikombe chake. Mama yake alimtazama yeye. Alimtazama jinsi alivyokuwa akimtazama zamani jukwaani shuleni, amesahau shairi lake, akimngoja, akimwombea neno la kwanza limjie. Torgunn hakuharakisha.

“Mama amezeeka,” alisema Eilif hatimaye. “Nimesema muda mrefu asipande peke yake. Watu wa umri wake husahau.”

“Kibovu ni bega,” alisema Mama Gudveig. “Kichwa ni kizima.”

“Mama.”

“Niliufunga. Mafundo mawili, nikauvuta kuona kama umeshika. Niliukata kwenye sufu ya sweta ninayokufumia wewe, Eilif, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo mkobani.” Sauti yake haikupanda. “Nilikuwa tayari kukubebea. Haki ya Mungu nilikuwa tayari. Ungesema neno moja tu la kunitetea, hata la uongo.”

Eilif aliangalia mlango, akamwona Kolbein. Aliangalia dada yake, na Jorid akajikunyata kwenye kiti, funguo mbele ya kifua kama kisu.

“Sikufunga mimi kile kifuniko,” alisema. “Sikugusa kitu.”

“Uligusa uzi,” alisema Torgunn. Alisimama. “Eilif Skarbø, uko chini ya ulinzi kwa kujaribu kuua. Simama.”

Hakuleta fujo. Kizingitini aliinama akavaa viatu. Mama yake aliinuka, akachukua glovu za sufu za mwanawe juu ya kikaushio, akampa.

“Mama, waambie—”

“Vaa. Nje kuna baridi.”

Alivaa. Kolbein akamtoa, na gari likasikika likiondoka uani. Mama Gudveig alirudi mezani, akaketi kwenye kiti kilichokuwa cha Eilif, akakisogeza kikombe chake pembeni.

“Mpigie yule wakili,” alimwambia Jorid. “Mwambie auze. Mimi sitaki hata kujua nani kanunua.”

Jorid alitikisa kichwa kukubali. Kwenye kona jiko la kuni lilikuwa likiwaka vizuri, mlango wake ukiwa mwekundu, likivuta kama kawaida, halitoi hata harufu. Alilitazama. Kisha akainuka, akafungua dirisha, akafungua na la pili, na baridi ya Februari ikaingia jikoni na kuyatikisa mapazia. Mama yake alijifunga shali mabegani. Torgunn aliinua kola ya koti lake. Hakuna aliyemwambia afunge.